KANUNI ZA KUUZA VILEO KWA UANGALIFU KATIKA UKUMBI WETU

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, na kuchapishwa katika Taarifa hii kwa agizo la Halmashauri.



Mimi ni karani, na kazi ya karani ni kuandika maneno ya watu wengine, kuyahifadhi, na kuyasoma yanapohitajiwa. Kwa hiyo mkiniona leo nimeshika karatasi zenye maneno yangu mwenyewe, na mikono ikitetemeka kidogo, naomba mnivumilie. Halmashauri imeniagiza niseme juu ya kanuni za kuuza vileo mahali penye leseni, kwa ajili ya ukumbi wetu na kantini yake. Agizo hilo nimelipokea kwa moyo wote, kwa sababu nitakayoieleza mbele kidogo.

Najua ya kuwa wamo humu wanachama wengi wasioonja pombe kabisa, wengine kwa ajili ya dini, Wakristo na Waislamu, na wengine kwa hiari yao tu. Wao huenda wakasema, jambo hili halituhusu, na tuende zetu nje tukapunge upepo mpaka Karani amalize. Nawasihi wakae. Sikuja kuwahimiza watu wanywe, wala sikuja kuwakataza. Hilo ni la kila mtu na dhamiri yake. Nimekuja kusema juu ya mtu asimamaye upande wa pili wa kaunta, yaani mwuzaji. Mnywaji amekwisha kusemwa sana katika mikutano yetu, lakini mwuzaji hatujamsema hata siku moja. Tena leseni iliyotundikwa ukutani pale kantini imeandikwa jina la Chama. Faida yake huingia katika Mfuko wa Mazishi na Mfuko wa Karo, na hapana mwanachama asiyefaidika nayo. Basi sisi sote, anywaye na asiyekunywa, ni wauzaji wa pombe. Hayo ndiyo yaliyonifanya niombe masikio yenu nyote.

DESTURI YA WAZEE WETU

Wazee wetu hawakuwa watu wasio na kanuni katika jambo hili. Wakikuyu walikuwa na muratina yao, Wakamba kaluvu yao, watu wa magharibi busaa yao, na watu wa pwani tembo lao la mnazi. Kila pombe ilikuwa na siku yake na watu wake. Ilitengenezwa kwa ajili ya mahari, au mavuno, au kuwapatanisha waliogombana. Kijana hakuketi na wazee penye chungu. Huko magharibi wazee walikizunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu, kila mmoja na mahali pake pa kuketi kwa kadiri ya umri na heshima yake. Aliyezidisha alionekana na wote, na aliyeleta ugomvi aliambiwa ainuke aende zake, na neno la mkubwa wa chungu halikujibiwa.

Mwenye pombe siku zile alimjua kila aliyekunywa kwake. Alijua ni mtoto wa nani, amekula nini, na nani atamfikisha nyumbani. Pombe ilipogeuka kuwa bidhaa ya kununuliwa kwa fedha, mwenye pombe alitoweka, na mahali pake akasimama mwuzaji. Mwuzaji hamjui mnywaji. Anazijua fedha zake tu. Hapo ndipo sheria ya Serikali ilipoingia kushika mahali palipoachwa wazi na desturi.

Nakiri ya kuwa sheria hiyo ilianza vibaya katika nchi yetu. Wakati wa ukoloni Mwafrika alikatazwa vinywaji vikali vya Kizungu kwa sababu ya rangi yake, na pombe yake mwenyewe ikawekewa mipaka. Katika miaka ya 1920 Manispaa ya Nairobi ilikuwa na jumba lake la pombe huko Pumwani, na faida yake ikatumiwa kwa mambo ya ustawi wa Waafrika wa mjini. Si ajabu basi kwamba wengi walirithi mazoea ya kuiona kila kanuni ya pombe kuwa ni hila ya wakubwa. Lakini sheria tuliyo nayo sasa imetungwa na Bunge letu wenyewe, na sababu zake twazijua, kwa kuwa tumezizika kwa mikono yetu.

SHERIA YA MWAKA 2010

Sheria ya kudhibiti vileo ilipitishwa mwaka 2010, na watu wengi huiita Sheria ya Mututho, kwa jina la aliyekuwa Mbunge wa Naivasha, Bwana John Mututho, aliyeipeleka Bungeni. Sheria hiyo iliondoa ile ya mwaka 1980 iliyokataza chang'aa kabisa, ikasema kwamba kinywaji chochote kikitengenezwa au kuuzwa, kitengenezwe na kuuzwa kwa leseni, mahali panapokaguliwa. Kwa Katiba ya mwaka 2010 kazi ya kutoa leseni za vileo ilikabidhiwa serikali za kaunti, na kaunti mbalimbali zimetunga sheria zao. Kwa hiyo mwenye leseni anapaswa kuzisoma zote mbili, ile ya taifa na ile ya kaunti yake, pamoja na masharti yaliyoandikwa katika leseni yenyewe.

Sitawachosha kwa kusoma kila kifungu. Nitayataja yale yanayotugusa sisi.

La kwanza ni saa. Sheria ya 2010 iliwawekea wenye baa saa za kuuza: siku za kazi tangu saa 11 jioni mpaka saa 5 usiku, na Jumamosi, Jumapili na sikukuu tangu saa 8 mchana mpaka saa 5 usiku. Saa tano maana yake ni saa tano. Haina maana ya kufunga mlango wa mbele na kuendelea kwa mlango wa nyuma, kama nilivyopata kuona mahali pengine ambapo sitapataja.

La pili ni umri. Asiuziwe mtu aliye chini ya miaka 18, wala asiajiriwe kuuza, wala asiachwe kuingia mahali pa kunywea. Kitambulisho cha taifa hutolewa kwa mtu aliyetimiza miaka 18. Basi kijana tusiyemjua na aonyeshe kitambulisho, na asiye nacho apewe soda. Hapa sisi watu wa chama kimoja tuna udhaifu wetu. Mtoto hutumwa na baba yake, akaja na fedha mkononi akasema, "Baba amesema nimchukulie mbili." Mhudumu anamjua baba, anamjua mtoto, anampa. Sheria haimwulizi mhudumu kama anamjua baba. Mzee anayetaka kinywaji na aje mwenyewe kwa miguu yake. Akishindwa kuja kwa miguu yake, basi hiyo yenyewe ni sababu ya kutosha ya kutokumwuzia.

La tatu ni kinywaji chenyewe, nalo ni jambo la uhai na mauti. Mwezi wa Novemba mwaka 2000 watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi, wengi wao katika vijiji vya Mukuru, kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Mwaka 2005 msiba kama huo ulifika Machakos. Mwezi wa Mei mwaka 2014 makumi ya watu walikufa katika Embu, Kiambu, Kitui na kaunti nyingine. Mwezi wa Februari mwaka 2024 watu zaidi ya 10 walikufa huko Kirinyaga, na pombe ile iliuzwa katika baa, haikuuzwa kichakani. Methanoli ni kemikali ya viwandani. Kwa macho na kwa ulimi haitofautiani sana na kileo cha kawaida, lakini ikiingia mwilini hugeuka kuwa sumu inayoua mishipa ya macho. Dalili zake huchelewa kwa saa nyingi: kichwa kuuma, tumbo kuuma, kutapika, macho kuona ukungu. Mtu hudhani ni uchovu wa pombe tu, akalala, asiamke tena au akaamka kipofu. Apelekwe hospitali mara moja, kwani dawa yake ipo ikiwahi.

Kwa hiyo mwuzaji anunue kwa mwuza-jumla mwenye leseni, na adai stakabadhi. Aitazame stempu ya ushuru ya Mamlaka ya Mapato juu ya kila chupa. Hata simu ya mkononi sasa yaweza kuisoma stempu hiyo na kusema kama ni ya kweli. Aitazame alama ya Shirika la Viwango. Kizibo kikiwa kimelegea, au bei ikiwa rahisi kupita kiasi, chupa hiyo na irudi ilikotoka. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Siku hizi mgema hatii maji. Hutia sumu, na hangoji kusifiwa.

La nne ni mtu aliyekwisha kulewa. Sheria yasema mwenye leseni asimwuzie mtu aliyelewa tayari, wala asimshawishi aendelee. Ni kifungu kifupi, na wengi hukipita mbio. Mimi pia nilikipita mbio. Sasa naomba niwaeleze kwa nini nimekubali kusimama hapa.

UKURASA MMOJA WA DAFTARI

Miaka minne iliyopita, Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi, mhudumu wetu wa kantini alikuwa amesafiri kwenda msibani, nami nikaombwa nishike mahali pake. Sikujua chochote cha kazi ile isipokuwa kuhesabu chenji. Jioni akaja mzee mmoja, ndugu wa baba yangu kwa ukoo, mtu wa mzaha na ukarimu, mwanachama tangu siku za mwanzo za Chama. Alikunywa bia tatu akizungumza na wenzake. Kisha akaja kaunta akaomba chupa ya robo lita ya pombe kali. Sauti yake ilikuwa imekuwa nzito, na mkono wake uliitafuta kaunta kabla ya kuishika. Niliyaona hayo yote. Nikamwambia, "Baba, labda tungoje kidogo." Akacheka, akasema, "Mwanangu, nilikubeba mgongoni kwenda zahanati kabla hujajua kutembea. Leo wewe ndiwe wa kunipimia?" Wenzake wakacheka, nami nikacheka pia kwa haya. Nikampa chupa, akanipa shilingi 500, nikaandika.

Saa tatu usiku alitoka peke yake kwenda kuvuka barabara kuu iendayo Nakuru. Dereva wa lori alisema hakumwona mpaka alipokuwa mbele ya taa.

Jumatatu nilifungua daftari la Chama. Juu ya ukurasa palikuwa na mwandiko wangu: mauzo, pombe kali, chupa moja, shilingi 500. Chini ya ukurasa huo huo niliandika kwa mwandiko ule ule: malipo, Mfuko wa Mazishi, shilingi 50,000. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Siku ile nilijifunza kwamba daftari laweza kuwa na habari zote na karani asizisome.

Mjane wake yumo katika ukumbi huu. Nilikwenda kwake kabla ya kuandika hotuba hii, nikamwomba ruhusa. Aliniambia, "Jina lake usilitaje, lakini lisemwe." Hakunilaumu siku ile ya msiba, wala hakunilaumu nilipokwenda, na mpaka leo sijui kama ningalipendelea anilaumu.

HESABU AMBAYO SIKUIFANYA

Baadaye niliifanya hesabu ambayo ilinipasa kuifanya pale kaunta. Naomba kila mwenye kuuza aijue, maana si ngumu.

Chupa ya bia ya nusu lita, yenye kileo cha asilimia 4.2, ina mililita 21 za kileo chenyewe. Chupa ya robo lita ya pombe kali yenye asilimia 40 ina mililita 100. Chupa ile ndogo, inayoingia katika mfuko wa koti, ni sawa na bia karibu tano. Mzee wetu alikuwa amekunywa bia tatu. Kwa chupa ile nilimpelekea nyingine karibu tano kwa mkupuo mmoja. Mwili wa mtu mzima kwa kawaida huhitaji muda kama wa saa mbili kumaliza bia moja ya nusu lita. Kahawa haiuharakishi, wala maji baridi kichwani, wala kutembea nje kwenye upepo. Ni muda peke yake. Mzee alikaa ukumbini saa tatu. Mwili wake uliweza kumaliza bia moja na nusu. Nyingine zaidi ya sita alitoka nazo barabarani.

Kwa hiyo mwuzaji asihesabu chupa tu. Ahesabu kilichomo na saa zilizopita. Tena atazame kama mtu amekula. Tumbo tupu hulipokea kileo upesi, na mtu aliyetoka kazini moja kwa moja bila chakula hulewa kabla ya wenzake. Ndiyo sababu nashauri jiko la kantini lisifungwe kamwe kabla ya kaunta, hata kama chakula chenyewe ni ugali na sukuma wiki, na maji ya kunywa yawekwe mezani bila malipo.

JINSI YA KUMKATALIA MZEE

Sasa nafika penye ugumu wenyewe. Sheria yaweza kumwambia kijana wa kaunta, "Usimwuzie aliyelewa." Lakini sheria haikulelewa katika nyumba zetu. Sisi tulifundishwa kwamba neno la mkubwa halikataliwi, na kwamba mtoto hamnyimi baba yake. Mimi nilisoma shule ya misheni, nikafundishwa na kitabu na fimbo, na heshima kwa wazee ndiyo iliyotangulia masomo yote. Siku ile kaunta nilifikiri nimeshika heshima. Leo nasema mbele yenu, heshima ingekuwa kumkatalia, kumketisha, kumletea chakula, na kumtafutia mtu wa kumshika mkono barabarani. Kumpa mtu kila aombacho ni njia rahisi ya kujiondolea haya, nayo haimsaidii mwenye kupewa.

Hata hivyo, Waheshimiwa Wazee, siwezi kumlaumu kijana wa miaka 22 akishindwa na jambo lililonishinda mimi mwenye mke na watoto. Mhudumu wetu ni binti wa mwanachama. Wanaomwomba ni baba zake, wajomba zake, na wanakamati wanaomlipa mshahara. Tukimwachia kanuni ukutani na kumwambia azishike peke yake, tumemtwika mzigo ambao hatuko tayari kuubeba sisi.

Kwa hiyo naomba turudishe kitu cha kale. Penye chungu palikuwa na mkubwa wa chungu. Na pawe na Mzee wa Zamu katika ukumbi wetu. Kila jioni ya kuuza, mzee mmoja aliyechaguliwa na Halmashauri aketi karibu na kaunta, naye jioni hiyo asinywe. Mhudumu akiona mtu amezidi, asibishane naye. Aseme maneno haya tu, kwa adabu: "Baba, naomba uzungumze na Mzee wa Zamu." Hapo mtoto hajamkatalia baba; ni mzee amesema na mzee mwenzake. Na neno la Mzee wa Zamu liwe la mwisho, hata kwa Mwenyekiti, hata kwa Karani.

Mzee wa Zamu atazame mambo matatu. Mtu anasemaje, anasimamaje, na anakwenda nyumbani kwa njia gani. Aliyekuja na gari au pikipiki na akanywa, ufunguo ubaki kwa Mzee wa Zamu, uandikwe katika daftari, na achukue asubuhi. Atakayevuka barabara kuu asiende peke yake. Polisi huwapima madereva barabarani kwa mashine ya pumzi, na ni vizuri. Lakini mashine hiyo haimpimi mtu aendaye kwa miguu, na aliyetutoka alikwenda kwa miguu.

JUU YA FAIDA

Nasikia mtu akijiuliza moyoni, je, kantini isipouza kama zamani, Mfuko wa Mazishi utalipwa na nani? Ni swali la haki, nami nawajibika kulijibu kwa kuwa hesabu ziko mikononi mwangu. Ni kweli mauzo yatapungua, hasa wikendi za mwisho wa mwezi. Sitawaficha.

Lakini fikirini. Nimekwisha kutaja jumba la pombe la Pumwani, ambalo faida yake ilitumiwa kwa ustawi wa watu. Hatari ya mpango wa namna hiyo ni kwamba mwuzaji hupata kisingizio kizuri. Kila chupa inayozidi huitwa sadaka. Nasi tumefika hapo: nimewasikia wanachama wakiagiza nyingine na kusema, "Hii ni ya karo za watoto." Karo ya mtoto haiwi safi kwa kuwa baba yake ameshindwa kufika nyumbani. Tena chupa ile moja ya shilingi 500 ilifuatwa na malipo ya shilingi 50,000, bila kuhesabu kilichowapotea mjane na watoto, ambacho hakiandikiki.

Nami nashauri tukatae kabisa kuuza kwa mkopo. Mwaka uliopita nilikuta majina 31 katika kitabu cha madeni ya kantini, na 9 kati yao walikuwa hawajalipa michango yao ya Mfuko wa Mazishi. Mtu huyo anakunywa leo kwa fedha za kesho, na kesho akifa tunachangishana. Kunywa kwa fedha taslimu kuna breki yake mwenyewe.

MAPENDEKEZO

Bwana Mwenyekiti, kwa ruhusa yako naweka mbele ya Mkutano mapendekezo saba:

1. Pawe na Mzee wa Zamu kila jioni ya kuuza, asiyekunywa jioni hiyo, na neno lake liwe la mwisho.

2. Asiuziwe wala asitumwe mtoto chini ya miaka 18, na tangazo hilo libandikwe mahali panapoonekana na kila aingiaye.

3. Pombe kali isiuzwe kwa chupa ya robo lita kunywewa humu ukumbini. Iuzwe kwa kipimo kidogo, kimoja kimoja.

4. Chakula kiwepo mpaka saa ya kufunga, na maji ya kunywa yatolewe bure.

5. Kila shehena ya vinywaji ikaguliwe stempu na vizibo na watu wawili, na stakabadhi ihifadhiwe na Karani.

6. Mauzo ya mkopo yakome tangu leo, na madeni ya zamani yalipwe katika miezi mitatu.

7. Wikendi ya mwisho wa mwezi kaunta ifungwe saa 4 usiku, yaani saa moja kabla ya saa ya sheria.

Haya si mambo makubwa. Hayahitaji fedha nyingi wala mtaalamu kutoka ng'ambo. Yahitaji wazee wachache wakubali kuketi na glasi ya maji kwa jioni moja katika mwezi, na sisi wengine tukubali kuambiwa "basi" bila kununa.

Waheshimiwa Wazee, ninyi ndio mliotufundisha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu umekwisha kutugharimu mtu mmoja tuliyempenda. Nawaombeni msiniache mimi na yule binti wa kaunta tuuzibe peke yetu. Ninyi mna neno ambalo sisi hatuna.



Baada ya hotuba hii Mkutano ulijadili kwa muda wa saa moja na nusu. Mapendekezo 1 mpaka 6 yalikubaliwa. Pendekezo la 7 limepelekwa kwa Halmashauri kwa uchunguzi zaidi wa hesabu. Wazee kumi na wawili walijiandikisha kuwa Wazee wa Zamu kabla ya Mkutano kufungwa, na wa kwanza kuandika jina alikuwa mmoja wa wale waliokuwa wameketi na marehemu jioni ile.